Kabla Hujalipia Kito: Jinsi ya Kuchagua Almasi na Mawe ya Rangi ya Bei Nafuu

Wanunuzi wengi wa almasi huanza na swali moja: "Hii ni karati ngapi?" Wauzaji hulipenda swali hilo, maana uzito ni rahisi kuutaja na rahisi kuutoza. Karati 1 ni gramu 0.2 tu za jiwe, na namba hiyo haikuambii kama jiwe linameremeta au limepooza, wala kama litadumu kidoleni au litachakaa kabla mwaka haujaisha. Hapa tutaanzia kwingine kabisa, na karati tutaikuta njiani. Msimamo wangu ni mmoja: lipia kinachoonekana kwa macho na kinachostahimili matumizi. Sifa ambayo huwezi kuiona bila lenzi, itumie kupata punguzo.

Hatua ya 1: Amua kitavaliwa wapi

Pete ya kila siku hugonga kitasa cha mlango, meza, bomba la maji, vyuma vya kiti cha basi. Hereni na kidani hugongwa mara chache. Kwa hiyo jiwe laini linaloharibika upesi kidoleni linaweza kukaa sikioni miaka na miaka likiwa zima.

Tumia kipimo cha ugumu cha Mohs, kinachoanzia 1 hadi 10. Almasi ni 10. Rubi na safaya ni 9, spineli na topazi 8, zumaridi na akwamarini kati ya 7.5 na 8, amethisto na sitrini 7, ganeti kati ya 6.5 na 7.5, tanzanaiti kati ya 6 na 7, opali kati ya 5.5 na 6.5. Lulu iko chini sana. Namba ya kukumbuka ni 7, kwa sababu vumbi la kawaida lina chembechembe za kwatzi, madini ya mchanga, zenye ugumu huo. Kila ukipangusa pete kwa nguo kavu, chembe hizo hukwaruza jiwe lolote lililo chini ya 7, na baada ya muda kingo zake hupoteza makali na uso hufifia.

Ila ugumu si uimara. Almasi, pamoja na sifa zake zote, ina pande ambazo ikigongwa sawasawa hupasuka, hasa kwenye ncha kali za mikato yenye pembe. Topazi na tanzanaiti nazo zina udhaifu wa aina hiyo. Ukizitaka hizi kwa pete, zichague zikiwa zimezungushiwa ukingo wa dhahabu au fedha, au uziweke kwa siku za shughuli tu.

Hatua ya 2: Soma muhuri wa madini

Hili ni la haraka. Ndani ya pete au kwenye kifungio cha mkufu tafuta muhuri mdogo: 750 ni dhahabu ya karati 18, 585 ni karati 14, 375 ni karati 9, na 925 ni fedha. Karati ya dhahabu hupima usafi, karati ya jiwe hupima uzito, kwa hiyo msiongee wewe na muuzaji kila mmoja akimaanisha yake. Dhahabu ya karati 14 ni ngumu kuliko ya 18 na inafaa sana kwa pete ya kila siku; hakuna aibu kuichagua. Dhahabu nyeupe kwa kawaida imepakwa juu rodiamu, madini meupe ya kung'aa, na kwenye pete rangi hiyo huisha, ikabidi ipakwe upya. Uliza gharama ya kupaka mapema. Vya kupakwa dhahabu juu ya shaba vinafaa kwa hereni za mtindo. Kwa pete, rangi hutoka upesi. Na kama ngozi yako huwasha ukivaa vyuma, uliza kama kuna nikeli ndani.

Hatua ya 3: Kwenye almasi, pesa iende kwenye mkato

Almasi hupimwa kwa mambo manne: mkato, rangi, usafi na uzito. Katika hayo, mkato peke yake ndio kazi ya mkono wa binadamu, na ndio unaoamua jiwe litawaka au litalala. Almasi ya duara ya kawaida ina nyuso 57 au 58 zilizopangwa ili mwanga uingie kwa juu, ugonge pande za chini, urudi machoni mwako. Jiwe likichongwa la kina mno, mwanga huvuja pembeni na katikati huwa peusi. Likiwa bapa mno, mwanga hupitiliza chini, ukaona kijivu.

Kuna hila moja hapa. Mchongaji anayetaka kuokoa uzito huacha jiwe na kina kirefu, kwa hiyo karati zinajificha chini ambako hakuna anayeziona. Almasi ya duara ya karati 1 iliyochongwa vizuri huwa na kipenyo cha karibu milimita 6.5. Ukiambiwa ni karati 1 na kipimo kinasoma milimita 6.1, unalipia tumbo la jiwe. Uliza milimita kila mara.

Kwa duara, chukua daraja la juu kabisa la mkato lililo ndani ya uwezo wako, kisha punguza mengine bila huruma.

Rangi hupangwa kwa herufi kuanzia D, isiyo na rangi, hadi Z, yenye umanjano unaoonekana. Mtaalamu hulinganisha jiwe likiwa limelala kifudifudi kwenye karatasi nyeupe. Wewe utalivaa likiwa limesimama juu ya dhahabu. Kuanzia G hadi I au J, macho ya kawaida yanaona jeupe. Kwenye dhahabu ya njano unaweza kushuka zaidi, kwani dhahabu yenyewe inalipaka jiwe joto. Kununua D ya kuweka kwenye dhahabu ya njano ni kutupa pesa.

Usafi nao una ngazi 11, na hutazamwa kwa lenzi ya kukuza mara 10. Nani atakuja na lenzi kutazama kidole chako? Tafuta jiwe ambalo macho matupu hayaoni dosari, na mara nyingi utalipata kwenye madaraja ya katikati ya ngazi hizo, yaani VS2, hata SI1. Jambo la kuangalia zaidi ya daraja ni mahali dosari ilipo. Doa jeusi katikati ya uso wa juu litakukera siku zote. Lile lile likiwa pembeni linaweza kufunikwa na kucha ya pete, yaani kimojawapo cha vijino vya chuma vinavyoshika jiwe. Ufa unaofika kwenye kiuno cha jiwe, yaani ukingo wake mpana unaolizunguka, ni hatari, hata kama cheti kinauita mdogo. Na kama umependa mkato wa mstatili wenye ngazi, panda daraja moja au mawili, maana nyuso zake pana ni kama kioo kitupu na hazifichi kitu.

Sasa tumefika kwenye uzito. Bei kwa kila karati hupanda ghafla penye namba nzima kama 0.50, 1.00 na 1.50. Jiwe la 0.92 na la 1.00 ukiyaweka pamoja, tofauti ya upana haifiki hata robo ya milimita, lakini ya bei inaweza kuuma. Nunua chini kidogo ya namba nzima. Mkato wa yai au wa tone huonekana mkubwa kuliko duara lenye uzito ule ule. Ila litikise jiwe la yai chini ya taa na uangalie katikati, maana mengi yana kivuli cheusi chenye umbo la tai ya kipepeo. Kikiwa hafifu si neno. Kikiwa hakiondoki hata ukiligeuza, liache.

Tahadhari moja ya mwisho: tangazo likisema "pete ya karati 1", uliza kama ni jiwe moja au jumla. Mawe 10 ya karati 0.10 yana jumla hiyo hiyo, na bei yake ni ya chini mno kuliko ya jiwe moja.

Hatua ya 4: Amua kuhusu almasi ya maabara na vinavyofanana na almasi

Almasi ya maabara ni almasi. Ni kaboni ile ile, ugumu ule ule, mng'aro ule ule. Tofauti ni kwamba imekuzwa kwa wiki kadhaa ndani ya mtambo. Teknolojia yenyewe si mpya, kwani General Electric ya Marekani ilifanikiwa tangu 1954, ingawa mawe ya mapambo yalikuja baadaye. Bei yake imeshuka sana miaka ya karibuni, na hapo ndipo penye faida na hasara: utapata jiwe kubwa na safi kwa pesa ndogo, lakini ukitaka kuliuza kesho usitarajie kitu. Kwa anayetaka kuvaa, naona ni chaguo zuri. Kwa anayetaka kuweka akiba, wala hata almasi ya ardhini ya dukani si akiba nzuri. Ukiirudisha, huwa inanunuliwa kwa bei iliyo chini sana ya uliyolipa.

Moisanaiti ni jiwe jingine kabisa, lenye ugumu wa 9.25. Linatoa cheche za rangi nyingi kuliko almasi, na ukiliona kubwa chini ya jua, hizo rangi ndizo zinazolisema. Ukilitazama kwa lenzi kwa kuliinamisha kidogo, kingo za nyuso za upande wa pili huonekana maradufu, mstari mmoja ukawa miwili. Almasi haifanyi hivyo. Kile kijikalamu cha kupima almasi kwa joto hudanganyika na moisanaiti, na hakiwezi kutenganisha almasi ya maabara na ya ardhini. Kwa hiyo muuzaji akikugusishia kalamu ikalia, amekuthibitishia kidogo kuliko anavyodai.

Zirkonia, ambayo ndiyo rahisi kuliko zote, ni nzito: kwa ukubwa ule ule ina uzito wa mara 1.6 hadi 1.7 wa almasi. Kwa hereni za kubadilisha badilisha haina ubaya wowote. Kwenye pete kingo zake hulika.

Hatua ya 5: Mfuko ukiwa mdogo, geukia mawe ya rangi

Hapa ndipo ninapopenda kuwapeleka watu. Kwa bei ya almasi ndogo yenye ukungu, unaweza kupata jiwe la rangi lililokamilika, la asili, na kubwa la kuonekana.

La kwanza kwangu ni spineli. Ina ugumu wa 8, haina udhaifu wa kupasuka kirahisi, na mara nyingi haijapashwa moto wala kutiwa chochote. Huja nyekundu, waridi, buluu, zambarau na kijivu. Jiwe kubwa jekundu lililo mbele ya taji la kifalme la Uingereza, ambalo limeitwa rubi kwa karne nyingi, ni spineli. Ile ya waridi kali kutoka Mahenge, Tanzania, imepanda bei tangu fuwele kubwa zilipopatikana mwaka 2007, lakini za kijivu na zambarau hafifu bado ni nafuu. Angalizo: spineli ya kutengenezwa nayo imejaa kwenye pete za bei poa, kwa hiyo neno "asili" lazima liwe kwenye risiti.

Ganeti ni ukoo mzima. Nyekundu iliyokolea ndiyo rahisi, ila chagua isiyo nyeusi usiku. Rodolaiti, yenye wekundu unaoelekea zambarau, naiona nzuri kuliko zote kwa bei yake. Tsavoriti, ganeti ya kijani ya Kenya na Tanzania iliyopewa jina la Tsavo, haihitaji moto wala mafuta kupata rangi yake. Ni ghali ikiwa kubwa, lakini jiwe la milimita 4 hukupa kijani ambacho zumaridi ya bei hiyo haikaribii.

Amethisto, sitrini, topazi ya buluu, akwamarini hafifu na zabarajadi huenea kila mahali na bei zake ni za kirafiki. Kwa kuwa si adimu, usikubali lenye dosari au lililochongwa ovyo. Subiri lililo safi. Baadhi ya amethisto hupauka zikiachwa juani muda mrefu.

Tanzanaiti inapatikana Merelani tu, chini ya Kilimanjaro, ambako iligunduliwa 1967. Geuza jiwe taratibu chini ya taa: buluu itahamia zambarau na kurudi. Kioo cha buluu hubaki na rangi moja. Jiwe kubwa hubeba rangi kali kwa urahisi zaidi. Dogo mara nyingi huwa hafifu, na hafifu ndilo nafuu. Likiwa la hereni, mimi nisingejali uhafifu huo.

Agiza mawe ya rangi kwa milimita badala ya karati. Uzani wa mawe hutofautiana: amethisto ya karati 1 ni kubwa kwa macho kuliko safaya ya karati 1, kwa sababu safaya ni nzito zaidi kwa ukubwa ule ule.

Hatua ya 6: Uliza jiwe limefanywa nini

Mawe mengi ya rangi yamepitia mkono wa mtu. Mengine hayana neno. Karibu tanzanaiti zote za sokoni zilitoka ardhini zikiwa na rangi ya kahawia na kupashwa moto ziwe buluu; buluu hiyo haiondoki. Rubi na safaya nyingi zimepashwa moto. Topazi ya buluu karibu yote imepigwa mionzi, kisha ikapashwa moto, na sitrini nyingi zilikuwa amethisto. Zumaridi kwa kawaida hutiwa mafuta kwenye nyufa. Ni desturi ya biashara, ila mafuta hayo hukauka au kutoka ukiiosha kwa maji moto.

Kinachotakiwa kukushtua ni rubi iliyojazwa kioo. Utaijua kwa kuwa ni kubwa, nyekundu, safi na rahisi kupita kiasi. Chukua lenzi, izungushe chini ya taa: ndani ya nyufa utaona mmweko wa buluu unaokuja na kutoweka, na vipovu vya mviringo. Maji ya limau tu yanaweza kula kioo hicho, na moto wa sonara huliharibu jiwe zima. Haina thamani ya rubi, na muuzaji asiyekwambia hilo usinunue kwake hata mkufu.

Jingine ni rubi au safaya ya kutengenezwa kwa kuyeyushwa, njia aliyoitangaza Mfaransa Verneuil mwaka 1902. Kwa lenzi, mistari yake ya ndani imepinda kama ya sahani ya santuri. Kwenye jiwe la asili mistari hunyooka. Ikiuzwa kama ya kutengenezwa, kwa bei yake, ni jiwe gumu na zuri la kuvaa.

Hatua ya 7: Likague mkononi mwako

Taa za dukani zimepangwa ili kila kitu kiwake. Omba utoke na jiwe kwenye taa hizo kidogo, usogee penye kivuli karibu na dirisha, kisha chini ya balbu ya kawaida. Safaya iliyokolea sana huwa nyeusi huko. Almasi yenye mkato mbaya hufa.

Lifute jiwe kwanza, kwa sababu mafuta ya vidole huficha mengi. Liweke juu ya karatasi yenye maandishi na ulitazame kwa juu moja kwa moja. Jiwe la rangi likikuonyesha herufi katikati, lina dirisha: mwanga unapitiliza na rangi ya katikati imepauka. Ni kosa la uchongaji, na ni sababu halali ya kuomba punguzo au kuondoka. Kisha liinamishe kushoto na kulia. Cheche zihame pande zote. Sehemu inayobaki kimya kila upande ni sehemu iliyokufa.

Geuza pete uitazame kwa chini. Kama jiwe limezibwa nyuma na karatasi ya kung'aa, rangi unayoiona si ya jiwe peke yake.

Hatua ya 8: Kagua kinachoshika jiwe

Mawe mengi hupotea kwa kudondoka. Makucha 6 hushika vizuri kuliko 4, kwa sababu moja likikatika jiwe bado limeshikwa. Pitisha kitambaa chembamba juu ya makucha: kikinasa, kuna lililoinuka. Sogeza pete karibu na sikio uitikise. Ukisikia mlio, jiwe limelegea. Pete zilizojaa vijiwe vidogo vidogo hupendeza, lakini ndizo zinazopoteza mawe zaidi na huwa ngumu kubadilishwa ukubwa.

Hatua ya 9: Dai karatasi inayolingana na bei

Almasi ya bei kubwa iwe na cheti cha maabara inayojitegemea, kama GIA au IGI, na si cheti cha duka lenyewe. Namba ya cheti itafute kwenye tovuti ya maabara, kisha kwa lenzi angalia kiuno cha jiwe, ambako mara nyingi namba hiyo imechorwa kwa leza. Zilingane. Kwa amethisto au ganeti cheti kinaweza kugharimu kuliko jiwe, kwa hiyo risiti inatosha, ila iseme kwa maandishi: jina la jiwe, ni la asili au la kutengenezwa, limefanywa nini, vipimo, muhuri wa madini, na siku za kurudisha. Muuzaji anayesema yote kwa mdomo na kukataa kuyaandika anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Hatua ya 10: Ukishakinunua

Maji ya uvuguvugu, sabuni laini na mswaki laini vinatosha kwa mawe mengi magumu. Dawa ya meno hapana, inakwaruza. Vifaa vya kuosha kwa mtetemo viwe mbali na zumaridi, tanzanaiti, opali na lulu. Lulu ivaliwe mwisho, baada ya manukato, na ipanguswe ukiivua. Kila kito kiwe na kifuko chake, kwani almasi ikichanganywa na wenzake huwachana wote.

Na ukipeleka pete kubadilishwa ukubwa, mwambie sonara jina la jiwe na lilichofanyiwa kabla hajawasha moto. Zumaridi, tanzanaiti, opali na rubi ya kujazwa kioo zinapaswa kutolewa kwenye pete kwanza, na sonara anayesema "haina shida" bila hata kuuliza ni jiwe gani, mpelekee kazi nyingine.